Retinitisi pigmentosa: kwa nini huanza usiku

Retinitisi pigmentosa si ugonjwa mmoja. Ni jina la kundi la magonjwa ya kurithi yanayoua polepole seli za retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Humpata takriban mtu 1 kati ya 4,000.

Retina ina fimbo, seli kama milioni 120 za kuonea gizani na pembeni, na koni, kama milioni 6 tu, za kuonea rangi na kusomea. Mara nyingi jeni yenye kasoro hutumiwa na fimbo peke yake, kwa hiyo dalili ya kwanza ni ya usiku: jua likizama, mtoto anapapasa ukuta wakati wenzake bado wanakimbizana. Upungufu wa vitamini A nao huleta hali hiyohiyo, ila wenyewe hutibika kwa kumpa vitamini.

Kisha uoni wa pembeni unamegeka. Mtu anasoma gazeti vizuri, halafu anajikwaa kwenye kigoda kilicho mbele ya miguu yake, na watu wanamwona mzembe. Kwa macho mawili uga wa kuona hufika karibu nyuzi 180. Nchini Marekani, ukibaki nyuzi 20 au pungufu mtu huhesabiwa kipofu kisheria, hata akisoma herufi ndogo kabisa za ubaoni.

Lakini koni, ambazo jeni zao mara nyingi ni nzima, mbona nazo hufa? Fimbo hutoa protini inayozisaidia koni kuvuta glukosi, na ndizo zinazotumia oksijeni nyingi. Zikiisha, koni hukosa chakula huku zikiunguzwa na oksijeni iliyozidi.

Urithi una njia tatu. Katika ya kwanza nakala moja mbovu ya jeni, kati ya mbili ambazo mtu huwa nazo, inatosha, na kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuirithi. Mfano ni kasoro ya jeni ya RHO iliyotambuliwa mwaka 1990, ambapo rodopsini, protini ya fimbo inayonasa mwanga, hujikunja vibaya na kuiziba seli. Katika ya pili wazazi wote wawili ni wabebaji, yaani wana nakala moja mbovu lakini wanaona vizuri, na kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa. Ndoa za binamu huongeza uwezekano huo, maana wote wawili huenda wamerithi kasoro ileile kwa babu mmoja. Ya tatu hupita kwenye kromosomu X, ambayo mwanamume anayo moja tu, aliyopewa na mama yake: mama akiwa mbebaji, wana wa kiume ndio huumia zaidi, na baba mgonjwa hawezi kumrithisha mwanawe wa kiume. Asilimia hizo huanza upya kila mimba. Mtoto wa kwanza kuugua hakumkingi wa pili.

Kipimo cha jeni huonyesha njia ipi inahusika, na kina kazi nyingine: kuonyesha nani anafaa kwa tiba. Luxturna, tiba iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, huwafaa tu wenye kasoro katika nakala zote mbili za jeni ya RPE65, tena ambao seli zao hazijaisha. Wengine wasiache kliniki: mtoto wa jicho huwapata mapema, na huo hutolewa kwa upasuaji wa kawaida.