Ujasiri wa imani haumwombi mtu afe njaa

Tangu Aprili 2023, mtu wa Malindi akisafiri bara na kusema anakotoka, hachelewi kuulizwa habari za Shakahola. Msitu ule uko kwetu, kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa humo, ikiwamo ya watoto wengi. Ni watu walioaminishwa kwamba wakifunga mpaka wafe watakutana na Yesu. Mimi ni Mkristo wa hapa hapa, na kinachoniuma hadi leo ni maneno ambayo bado nayasikia yakisemwa chini chini: "Walipotoshwa, sawa, lakini imani walikuwa nayo. Wewe ungeweza?" Nayajibu hapa, pamoja na misemo mingine ya namna hiyo.

"Mwenye imani kubwa hauogopi mwili wake kufa"

Fungua Mathayo 4. Ibilisi anampandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, anamwambia ajitupe chini, maana malaika watamchukua. Anamnukulia hata Zaburi. Kumbe wazo la kuhatarisha uhai ili kuonyesha imani lilitoka kwa Ibilisi, na Yesu alilikataa pale pale: "Usimjaribu Bwana Mungu wako."

Halafu mtazame Elia. Amemkimbia Yezebeli, amechoka, amelala chini ya mretemu akiomba afe. Mungu hakumsifu kwa kuwa tayari kufa. Alimtuma malaika amguse, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Malaika alimwambia: "Inuka, ule." Nimeurudia mstari huo mara nyingi tangu 2023, na kila nikiusoma namfikiria mtoto mmoja kule msituni ambaye hapakuwa na mtu mzima wa kumwambia maneno hayo mawili.

Na wanaosema mwenye imani haendi hospitali? Luka, ambaye mapokeo ya kanisa ya tangu zamani yanamtaja kuwa ndiye mwandishi wa Injili ya tatu, Paulo anamwita "tabibu mpendwa". Paulo huyo huyo alimwandikia Timotheo kwamba Mungu hakutupa roho ya woga, bali ya nguvu na ya upendo na ya moyo wa kiasi. Wahubiri wengi wanaishia kwenye nguvu. Kiasi wanakiruka, nacho ndicho kingewazuia watu wasiingie Shakahola.

"Mkristo huvumilia, hasemi"

Hii nimeisikia zaidi ikiambiwa wanawake. Mama anapigwa nyumbani, anakuja kuomba ushauri, anaambiwa abebe msalaba wake. Lakini Yesu alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu hakunyamaza, aliuliza: "Kama nimesema vibaya, iushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini?" Paulo na Sila, baada ya kupigwa bakora Filipi bila kuhukumiwa, walikataa kutolewa gerezani kisirisiri. Walitaka wakubwa waje wenyewe wawatoe. Kusamehe ni lazima kwetu, lakini kumficha anayekuumiza si sehemu ya kusamehe, na anayemrudisha mama kwenye kipigo kwa jina la msalaba atakuja kujibu.

"Ujasiri ni kuwakemea wa dini nyingine"

Mji wetu una misikiti na makanisa, na majirani wanapelekeana futari na pilau ya Krismasi. Petro anataka tuwe tayari kumjibu kila anayeuliza habari za tumaini letu, "lakini kwa upole na kwa hofu". Kipaza sauti kilichoelekezwa dirishani kwa jirani hakikutajwa.

"Mashujaa wa imani walikuwa wamisionari"

Krapf alimzika mkewe na kichanga chao Mombasa mwaka 1844 na bado akabaki pwani. Simpunguzii heshima. Ila watoto wetu wa Sunday school wanamjua Krapf na hawajawahi kusikia Fuladoyo. Kule bara ya pwani hii, karne ile ile ya 19, Waafrika Wakristo walianzisha kijiji wakawapokea watumwa waliotoroka mashamba, yakiwamo mashamba makubwa ya nafaka ya hapa Malindi. Hawakuwa na bendera ya Uingereza juu ya paa. Kila mtoro waliyemfungulia mlango aliwaongezea maadui. Kiongozi wao mmoja, David Koi, alikamatwa akauawa mwanzoni mwa miaka ya 1880. Hakuutafuta ufiadini. Aliwapa watu mahali pa kulala, na hilo likamgharimu uhai.

"Mwenye imani haogopi"

Yesu mwenyewe Gethsemane alisema roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba alifika kwao katika hofu na matetemeko mengi. Mimi nimeyaona matetemeko hayo kwa macho.

Tulimzika kijana wa ukoo wetu upande wa Ganda. Baada ya mazishi vijana wakakaa chini ya mwembe wakaanza kuhesabu vifo vya ukoo, kimoja baada ya kingine, na kila hesabu ikaishia kwa baba mkubwa yule yule: mvi kichwa kizima, macho mekundu, na shamba la minazi karibu na barabara. Wanaoijua Kilifi wanajua mazungumzo hayo huishia wapi. Wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, mara nyingi nyuma ya jambo kukiwa na ardhi, na wengine wamekimbilia Kaya Godoma, kimbilio la wazee wa aina hiyo kule Ganze, kuokoa maisha yao.

Nilikuwepo. Ninajiita mwamini, na nilikaa kimya nikitazama mchanga.

Aliyesimama ni binamu yangu, mama karanga, yaani muuza samaki wa kukaanga. Kikombe cha chai kilikuwa kinagonga sahani mkononi mwake, chai ikamwagikia leso yake, hakuifuta. Sauti haikupanda. "Baba mkubwa ndiye alinilipia karo. Mkimgusa nakwenda polisi, na majina yenu nayajua, la kwako hili, na la kwako." Akawataja, mmoja mmoja, kisha akaketi kwa sababu miguu ilikataa kumbeba.

Kwa miezi mingi nusu ya ukoo haikumsalimu wala kununua samaki wake. Mzee yu hai. Kila Ijumaa jioni binamu yangu humpelekea changu wawili wa kukaanga na wali wa nazi, akakaa naye barazani mpaka amalize kula. Siku hizi mimi ndiye ninayembebea sufuria.