Je, wajua kwa nini vimondo 120 kwa saa hugeuka 10 ukiwa uani?

Kila mwaka, usiku wa Desemba 13 kuamkia 14, mvua ya vimondo vya Geminidi hufikia kilele, na habari ni ileile: vimondo 120 kwa saa, pengine zaidi. Unatoka uani, unakodoa macho saa nzima, unahesabu kumi. Hujadanganywa. Ile 120 ni ya anga kamilifu: giza linaloonyesha nyota hafifu za daraja la 6.5 (namba ikipanda, nyota ni hafifu zaidi), na kitovu cha vimondo kikiwa utosini.

Kitovu ni pale mistari ya vimondo inapokutana ukiirudisha nyuma, hapa karibu na nyota ya Castor katika kundi la Mapacha. Kitovu kikiwa nyuzi 30 tu juu ya upeo wa macho, chembe zinazozaa vimondo huja kwa mshazari na kutawanyika juu ya eneo maradufu: 120 inakuwa 60. Taa za mtaani zikikuachia nyota za daraja la 5, gawanya kwa nne hivi, maana vimondo vingi ni hafifu: 15. Paa na mti vikiziba theluthi ya anga, umebaki na kumi zako.

Mti huwezi kuukata usiku huo, ila saa unaweza kuichagua. Kitovu hupanda juu kabisa mnamo saa nane usiku, kwa hiyo saa saba hadi tisa ndiyo zamu yenye faida. Angalia pia mwezi: ukiwa mpevu, huwa mbaya kuliko taa ya jirani, na huo hauzimwi.

Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. Kuchungulia simu mara moja tu kunakurudisha mwanzo. Ukihitaji mwanga, funika tochi kwa karatasi nyekundu. Darubini iache ndani, kwani inakubania anga kuwa kijitundu. Lala chali, uelekee upande wenye giza zaidi. Usikitumbulie macho kitovu chenyewe, kwa kuwa vimondo vya karibu nacho huja kukuelekea na huonekana vifupi. Mikia mirefu iko mbali nacho.

Kinachowashinda wengi ni baridi. Mtu aliyelala bila kujongea hupoa haraka kuliko anayetembea, na ardhi hunyonya joto kutoka chini, kwa hiyo godoro la sponji chini ya mgongo lina kazi kuliko blanketi la pili juu. Vaa kofia na soksi nzito kabla hujaanza kutetemeka.

Kimondo cha Geminidi huingia kwa kilomita 35 kwa sekunde, nusu ya kasi ya vimondo vya Leonidi vya Novemba, hivyo unapata nafasi ya kugeuza shingo. Chembe zake zimetoka kwa Phaethon, asteroidi (mwamba unaolizunguka jua) iliyogunduliwa mwaka 1983, ilhali mvua nyingi za vimondo huzaliwa na nyotamkia. Chembe hizo ni ngumu kiasi, na hupenya chini zaidi kabla ya kuisha.

Mawingu yakitanda tarehe 13, usisubiri sana: idadi hupanda polepole siku kadhaa kabla ya kilele, kisha hushuka ghafla. Utabiri ukiwa mbaya, toka tarehe 12.