Kazi isiyosubiriana ni nini?

Kazi isiyosubiriana ni ile ambayo wanatimu wanachangia kitu kimoja kwa nyakati tofauti, kila mtu kwa saa zake, bila kulazimika kuwa mtandaoni pamoja. Si kila kazi ya mbali iko hivyo. Wanaoshinda kwenye mikutano ya video wako mbalimbali, lakini bado wanasubiriana.

Kwa wabunifu, umbali unaouma zaidi ni wa saa kuliko wa kilomita. Chukua mchoraji aliye Tokyo na mhariri wa video aliye São Paulo. Wamepishana saa 12 kamili: saa tatu asubuhi ya mmoja ni saa tatu usiku ya mwenzake. Mchoraji akianza siku yake kwa kutuma swali lisiloeleweka, mhariri atalisoma akiamka, naye mchoraji ndiyo kwanza anafunga kazi. Akijibiwa "unamaanisha nini?", siku imekwenda na hakuna kilichofanyika.

Ndiyo maana uhai wa kazi hii uko kwenye maandishi, hasa maoni. "Pale katikati hapajakaa vizuri" yanatosha mkiwa meza moja, maana mwenzako anaona unakonyoosha kidole. Kwa mbali hayamsaidii kitu. Linganisha na haya: "Kuanzia 00:42 hadi 00:47 muziki unaimeza sauti ya msimulizi. Naomba uushushe mpaka neno la mwisho lisikike. Picha ziache kama zilivyo." Hapo mtu ameambiwa mahali, tatizo, anachotakiwa kufanya na asichopaswa kugusa. Hilo la mwisho husahaulika sana, nami naliona lina uzito kuliko yote: mbunifu asiyejua kilichopendwa hubadilisha hata kilichokuwa kizuri.

Saa za miadi ziandikwe kwa UTC, yaani saa moja ya rejea inayotumika dunia nzima. Sisi tunaosema "saa tatu" kwa 09:00 tunajua jinsi tarakimu moja inavyoweza kupoteza watu wawili.

Upo pia ubunifu ambao umbali hauruhusu ufanyike kwa pamoja hata mkitaka. Wanamuziki wakipiga pamoja, sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde (sehemu za elfu za sekunde) 30 hivi, mdundo huanza kuyumba. Mwanga unaobeba mawasiliano ya mtandao ndani ya nyaya za fiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na Tokyo na São Paulo zimeachana kilomita 18,500 hivi. Hata mtandao uwe mzuri namna gani, sauti itachukua zaidi ya milisekunde 90 kufika. Kwa hiyo kila mpigaji hurekodi kipande chake peke yake, akifuata mdundo mmoja wa kuongozea, kisha vipande vinaunganishwa.

Wazo likiwa bado changa, au watu wakishaanza kuandikiana kwa ukali, acheni maandishi, mpigiane. Mmoja ataamka alfajiri kwa ajili hiyo; safari ijayo iwe zamu ya mwenzake.