Kalibresheni ya kromatografu ya gesi kwa mvinyo wa Dodoma: dhana tano na ukweli wake

"Myeyusho sanifu wa maji safi unatosha."
Myeyusho sanifu, yaani ule ambao kiasi cha viungo vyake kinajulikana, hautoshi ukiwa wa maji, na makosa makubwa huanzia hapa. Kromatografu, mashine inayotenganisha na kupima viungo vilivyo katika hali ya gesi, inavuta hewa iliyo juu ya sampuli, kwa hiyo inahesabu mvuke uliotoka tu, si vyote vilivyomo kwenye kimiminika. Alkoholi ya mvinyo huizuia ethili asetati (kiungo kimojawapo cha harufu) isitoke kwa wepesi inaotoka nao kwenye maji. Mstari wa kalibresheni (grafu inayogeuza usomaji wa mashine kuwa kiasi) uliochorwa kwa maji utakupa namba ndogo kuliko kiasi halisi kilichomo kwenye mvinyo. Tengeneza sanifu kwenye ethanoli ya asilimia 12, yenye asidi ya tartariki gramu 5 kwa lita, pH 3.4. Katika kila kichupa cha mL 20 weka mL 5, kisha gramu 2 za chumvi ya maabara. Punje zikibaki chini bila kuyeyuka, usijali. Maana yake kimiminika kimeshiba chumvi.

"Kipimo cha ndani kinarekebisha kila kitu."
4-methili-2-pentanoli, kiungo kinachoongezwa kwa kiasi kilekile kwenye kila kichupa, itafidia mashine ikivuta gesi pungufu. Haitafidia sanifu ya maji, maana kila kiungo hushikwa na kimiminika kwa nguvu yake.

"Asetaldehidi ipime kwa pipeti kama nyingine."
Inachemka kwenye nyuzi 20 hivi, na mchana wa Dodoma huzidi hapo bila shida. Itatoka kwenye pipeti kabla haijafika kwenye chupa. Poza sirinji na asetaldehidi kwenye friji, nyuzi 4. Pima uzito wa chupa ya mL 100 iliyojaa nusu kimiminika baridi na kufungwa, ingiza ncha ya sirinji chini ya uso wa kimiminika, sukuma, funga, pima tena. Tofauti ya uzito ndiyo kiasi chako, wala si alama za sirinji.

"R² ikifika 0.999, kazi imekwisha."
R² ni namba inayoonyesha jinsi vipimo vinavyokaa karibu na mstari, 1 ikiwa kamili. Kwa methanoli ya mg/L 25, 50, 100, 250 na 500, ile ya 500 huutawala mstari. Sanifu ya 25 inaweza kusomeka 33 na R² bado ikazidi 0.999. Rudisha kila sanifu kwenye mlinganyo uone inasomeka ngapi. Za chini zikipotoka, tumia uzani wa 1/x, yaani ukokotoaji wa mstari unaozipa sanifu za chini uzito zaidi.

"Kalibresheni ya Dar es Salaam inafaa Dodoma."
Dodoma ipo mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni karibu kPa 89, dhidi ya 101 za pwani. Kifaa chenye kitanzi (bomba dogo linalobeba kiasi maalumu cha gesi hadi kwenye mashine) hujaza kichupa gesi, tuseme kPa 70 juu ya hewa ya nje, kisha huachia kitanzi kilingane na hewa hiyo. Hapo kilele (mwinuko kwenye grafu ya mashine unaoonyesha kiasi cha kiungo) hupungua kwa takriban asilimia 5. Kipimo cha ndani hufidia sehemu kubwa, lakini anayesoma eneo la kilele peke yake lazima achore mstari upya hapohapo.

Joto la kupashia vichupa nalo lisizidishwe. Nyuzi 60 zinatosha. Jaribu vichupa vya dakika 10, 20, 30 na 40, uchague pale kilele kinapoacha kukua. Asetaldehidi ikiendelea kukua kwenye mvinyo ilhali kwenye sanifu imetulia, ni ile iliyokuwa imefungwa na salfaiti (kihifadhi cha mvinyo), ambayo joto linaiachia.