Kuvezi haina miguu

Wiki hii tena. Binamu yangu wa Montréal kanitumia voisi ya dakika sita, jamaa wa kule wamechanga wanataka kutuletea kuvezi mbili (inkubeta, yale masanduku ya joto ya watoto njiti), "maana watoto njiti wanakufa huko kwa kukosa mashine, dada, inatuuma." Kaka yangu, mchango naushukuru, ila hii ni mara ya ngapi sijui, kwa hiyo leo naandika, nikiulizwa tena natuma linki narudi wodini.

Mi ni mzalishaji (Watanzania mnasema mkunga), maternite (wodi ya wazazi) ya hospitali moja ya misheni pembeni ya Goma, mashariki ya Kongo. Na mkisikia misheni msidhani ni masista wazungu na hela za Ulaya, hapana, kanisa linaendesha kwa mkataba na serikali, mshahara ukichelewa unachelewa kwa wote.

Sasa kuvezi. Kazi yake kubwa ni joto, basi. Haimpumulii mtoto, na ukiisafisha vibaya inafuga vijidudu. Tuliwahi kupewa moja, nzuri kweli, kumbe ya volti 110 na huku kwetu ni 220, sa hivi ipo stoo tumeilundikia mashuka. Januari 2025 vita vilipoingia Goma umeme ukakatika, maji yakakatika, mazutu (dizeli) ya jenereta ikawa ya kuchagua, ukiwasha chumba cha sezariani (upasuaji wa kujifungua) basi kuvezi inageuka sanduku la baridi lenye mtoto wa kilo 1.3 ndani. Na risasi zikisogea mpaka ukutani unakimbia nayo vipi?

Mama anakimbia. Mtoto yuko kifuani ngozi kwa ngozi, miguu kama chura, kofia, soksi na nepi tu, kikwembe (kitenge) kimembana mpaka chini ya sikio, mama anaingia chini ya kitanda anajilaza hapo na mtoto hapoi. Kubeba hivi ndo tunaita kangaruu. Usiku ule tulikuwa na watano kwenye kangaruu, asubuhi tukapima joto, wote juu ya nyuzi 36.5. Sisi wakubwa ndo tulikuwa tunatetemeka.

Hapo naambiwa "sawa, lakini hiyo si njia ya maskini?" Hii ndo inanipandisha presha. Kweli ilianzia Bogotá mwaka 1978, daktari Edgar Rey alikuwa na kuvezi chache na watoto wengi. Lakini ikaja kupimwa kwenye hospitali tano, Ghana, India, Malawi, Nigeria na Muhimbili pale Dar, watoto zaidi ya 3,200 wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8, wengine wakawekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, wengine wakaanzia kwenye mashine za joto mpaka watulie. Wa kifuani walikufa asilimia 12, wa mashine 15.7, matokeo yakatoka 2021 na utafiti ulisimamishwa mapema sababu kuendelea kuwanyima wengine isingekuwa haki. Mwaka uliofuata WHO wakasema kifuani mapema iwezekanavyo, masaa 8 mpaka 24 kwa siku. MASAA NANE jamani, sio nusu saa ya kupiga picha mgeni akija halafu mtoto anarudishwa kwenye kimeza.

Na masaa hayo nani anayatoa? Mama ana mshono wa sezariani, ana njaa, ana watoto wengine watatu ambao tangu kambi za wakimbizi zivunjwe Februari 2025 hajui wamelala wapi, halafu mi namwambia mama kaa hapa wiki tatu. Bibi anaweza kumpokea, baba pia, kifua cha baba kina joto lilelile, tulikuwa na mmoja anambeba mtoto kisha anavaa koti juu wenzake wasimwone, eti mwanaume ananyonyesha!

Sasa niseme ambayo huwa siyasemi kwenye semina. Hizo hospitali tano zilikuwa na CPAP (mashine inayosukuma hewa puani mapafu yasifunge) na oksijeni ya uhakika, sisi tuna mashine moja ya oksijeni tunaigawa kwa mipira, kwa hiyo nikitaja zile namba najua naazima ushindi wa watu wengine. Halafu kuna akina mama ambao mimba ilitokana na kubakwa. Unamwambia avue blauzi, umfunge mtoto kifuani. Mmoja nilimsukuma sana, mtoto akapona, mama hakusema neno siku nne, na sijui kama nilifanya vizuri.

Na kuna yule wa gramu 900, alisahau kupumua saa kumi usiku kifuani pa mamake, kafeini tulikuwa hatuna (ndiyo, hiyohiyo ya kwenye kahawa, inamkumbusha mtoto kupumua). Kuvezi isingemwokoa, hapo sina shaka. CPAP labda. Nimelifikiria sana hilo "labda".

Kwa hiyo kaka, kuvezi sifuri. Kafeini, mazutu, vikwembe, viti vya kuegemea, na chakula cha mama.

Nimemtumia haya yote kabla sijayaweka hapa. Kanijibu zimeshalipiwa, ziko njiani. Nimemuuliza ni za volti ngapi, naona bado anataipu.