Joto la Ziada Halisomwi Kwenye Kipimajoto

Siku hizi kifaa chochote cha nishati kinachojaribiwa jikoni au gereji kikipata moto kuliko mwenyewe alivyotazamia, kinatangazwa kwamba kimetoa "joto la ziada". Mtungi wenye dawa, yaani kemikali inayojaribiwa, umefika nyuzi 80, ule wa maji matupu umeishia 65, basi zile 15 za katikati ndizo zinazoitwa ziada. Sivyo, na kosa hili limerudiwa mara nyingi mno kulinyamazia.

Joto la ziada ni tofauti kati ya joto lililotoka kwenye chombo na nishati yote iliyoingia humo, iwe ya umeme, ya kemikali au joto lililochotwa nje, kwa muda wote wa jaribio, pale ambapo tofauti hiyo ni kubwa kuliko makosa ya vipimo vyenyewe. Hupimwa kwa juli, kizio cha nishati; wati moja ni juli moja kwa sekunde. Hakuna kifaa kinacholisoma moja kwa moja. Linapatikana kwa hesabu ya kutoa.

Maneno haya yalipata umaarufu tarehe 23 Machi 1989, katika Chuo Kikuu cha Utah, Salt Lake City. Wanakemia Martin Fleischmann na Stanley Pons walitangaza kwamba wamepitisha umeme kwenye maji mazito, yaani maji ambayo haidrojeni yake ni ile nzito iitwayo duteriamu, wakitumia fimbo ya metali iitwayo paladiamu, na kwamba joto lililotoka lilizidi umeme ulioingia kwa kiasi ambacho kemia haiwezi kukieleza. Walidai ni muungano wa viini vya atomi, kazi ya jua, ukifanyika mezani. Maabara nyingi zilijaribu zikakosa. Kundi la watafiti wapatao 30, waliofadhiliwa na Google kuanzia 2015, lilichapisha mwaka 2019 katika jarida la Nature kwamba halikupata ushahidi wa dai hilo.

Majaribio ya nyumbani hayakukoma, na binafsi sioni ubaya. Mtu anayenunua fimbo za tungsteni za mafundi wa kuchomelea, akachanganya maji na potasiamu kaboneti kwenye mtungi wa kioo, anajifunza fizikia kwa mikono yake, ilimradi aheshimu umeme na akumbuke kwamba haidrojeni na oksijeni ambazo umeme huzitenganisha kutoka kwenye maji zikikutana na cheche hulipuka. Januari 1992 mtafiti mmoja aliuawa na mlipuko wa chombo cha namna hii katika maabara ya taasisi ya utafiti ya SRI, Menlo Park, California, na pale walikuwepo wataalamu. Kinachoniuma ni hesabu inayorukwa.

Tuanze na halijoto. Halijoto inakwambia kitu kina moto kiasi gani kwa wakati ule. Joto ni nishati inayohama kutoka kwenye kitu kwenda kingine. Chombo kinachopashwa kwa wati 50 hupanda halijoto mpaka kile kinachopotelea nje nacho kifike wati 50, kisha hutulia. Kitatulia kwenye nyuzi ngapi? Inategemea kinavyopoteza joto, basi. Kifunike blanketi, wati zikiwa zile zile 50, kitatulia juu zaidi. Kielekezee feni, kitatulia chini. Anayepikia kikapu cha kuhifadhi joto anajua kwamba maharage yanaiva humo bila kuongezwa kijinga hata kimoja, wala hasemi kikapu kimezaa moto.

Kwa hiyo mitungi miwili ikitofautiana nyuzi 15, jambo la kwanza la kushuku ni kwamba inapoteza joto kwa kasi tofauti. Mmoja uko karibu na dirisha. Mmoja una mfuniko unaobana. Mmoja una povu juu linalozuia mvuke kutoka. Yote haya hubadili nyuzi bila kuongeza hata juli moja.

Kwa wanaojaribu unga wa nikeli na haidrojeni ndani ya bomba, hali ni ngumu zaidi. Haidrojeni hupitisha joto takriban mara 7 kuliko hewa. Bomba likiwa limejaa haidrojeni, joto la waya wa ndani linakimbilia nje upesi. Gesi ikivuja na hewa ikachukua nafasi yake, joto linakwama ndani, na kipimajoto kilichoko katikati kinapanda ghafla. Mwenye jaribio anaona nikeli imeamka, kumbe ni bomba linalovuja.

Fimbo na mitungi nayo ina mtego wake. Mei 1989, mwanakemia Nathan Lewis wa Caltech, chuo kikuu cha teknolojia cha California, aliueleza mkutano wa wanafizikia huko Baltimore kwamba katika chombo kisichokorogwa halijoto hutofautiana kutoka mahali hadi mahali. Ukitumbukiza kipimajoto kimoja kwenye kona moja, umepima kona hiyo.

Hata kamera ya joto haijaokoka. Mwaka 2014 ilitoka ripoti ya jaribio la siku 32 lililofanyika Lugano, Uswisi, juu ya kifaa kinachodaiwa kutoa joto la ziada, cha Andrea Rossi wa Italia, ikisema kimetoa zaidi ya mara 3 ya umeme uliokiingia. Halijoto ya uso wa kifaa ilisomwa kwa kamera. Kamera ya namna hiyo huona sehemu tu ya mionzi ya kitu chenye moto, hivyo ni lazima iambiwe kwamba uso ule hutoa mionzi kwa kiwango gani katika sehemu hiyo. Waandishi waliipa kiwango cha mionzi yote ya alumina, kauri iliyofunika kifaa, kwa jumla, ambacho kwenye moto mkali ni kidogo sana kuliko kile cha sehemu inayoonwa na kamera. Nyuzi zikasomwa juu mno. Na kwa kuwa mionzi hukua kwa kipeo cha nne cha halijoto, kosa la nyuzi likawa kosa kubwa zaidi la wati. Nafurahi kusema kwamba wapenzi wa majaribio wasio na maabara kubwa, wakiwemo watu wa Martin Fleischmann Memorial Project, walikuwa miongoni mwa waliolifuatilia kosa hili, kwa kupasha bomba la alumina lisilo na dawa ndani na kulitazama kwa kamera. Hiyo ndiyo kazi ninayoitamani kutoka kwa kila mwenye mtungi.

Kile kinachotolewa katika hesabu, yaani nishati iliyoingia, nacho kina mambo yake. Umeme unaotenganisha maji hauishii wote kuwa joto. Sehemu inaondoka na gesi, kwa maji mazito ni sawa na volti 1.54 zikizidishwa kwa mkondo. Chukua chombo cha volti 4 na ampea 0.5. Kinaingiza wati 2. Ukiondoa 0.77 za gesi, unatarajia joto la wati 1.23. Sasa gesi zikiungana tena ndani ya chombo kile kile kuwa maji, wati 0.77 zinarudi kama joto. Kwenye daftari itaonekana ziada ya asilimia 63, na hakuna kiini cha atomi kilichoguswa. Anayetaka kulimaliza suala hili apime gesi inayotoka, au maji anayolazimika kuongeza.

Mvuke ni hatari kuliko yote. Kilo moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 inataka kilojuli 335 tu, lakini kuigeuza kuwa mvuke kunataka 2,257 nyingine. Katika maonyesho ya kifaa cha Rossi huko Bologna, Januari 2011, hesabu ilichukulia kwamba maji yote yametoka kama mvuke mkavu. Matone yakibebwa na mvuke, kila tone linahesabiwa nishati ambayo halikuipata. Na kama maji yangetoka yote yakiwa ya moto tu, hesabu hiyo ingezidisha joto karibu mara 8. Ndiyo maana maji yanayorukia nje ya sufuria hayahesabiwi kuwa yamechemka yakaisha.

Kuhusu umeme unaoingia nitasema kidogo: mkondo ukirukaruka, kama unavyofanya cheche zinapoanza kwenye fimbo ya tungsteni, wastani wa volti mara wastani wa ampea si wastani wa wati. Maltimita, kile kipimaumeme cha mkononi, ikiwa ya bei rahisi itakudanganya, tena bila nia mbaya.

Wengine hutaja pampu ya joto inayotoa wati 3 kwa kila wati 1 ya umeme. Ile inachota joto la hewa ya nje na kulihamishia ndani, nalo linahesabiwa katika kilichoingia. Ziada yake ni sifuri.

Dawa ya sehemu kubwa ya haya ipo, na ni ya bei nafuu: jaribio la kulinganisha. Chombo kile kile, mahali pale pale, mfuniko ule ule, maji yale yale, ila ndani weka waya wa kupashia wa kawaida. Uupe wati 10, kisha 20, kisha 30, kila mara ukisubiri nyuzi zitulie, uandike. Sasa una jedwali linalogeuza nyuzi za chombo chako kuwa wati. Hapo tu ndipo kipimajoto kinaanza kuzungumzia joto, na jedwali hilo ni halali mradi upotevu wa joto haujabadilika. Ukihamisha chombo au ukibadili gesi, unaanza upya.

Kwa hiyo, ndugu uliyeona mtungi wako umezidi wa mwenzie kwa nyuzi 15, ulichokiona ni kweli na kinastahili kuandikwa. Kiandike kama "halijoto imezidi kwa nyuzi 15, wati zilizoingia ni hizi, chombo hakijalinganishwa". Halafu badilishana mitungi nafasi, uupashe mtupu kwa waya, upime maji yaliyobaki kwenye mizani. Tofauti ikibaki baada ya hayo yote, ieleze kwa juli, na utupe pia ukubwa wa makosa ya vipimo vyako.