Je, wajua kwa nini magogo ya Kalambo hayakuoza kwa miaka 476,000?

Maporomoko ya Kalambo yako mpakani mwa Tanzania na Zambia, mto ukikaribia kuingia Ziwa Tanganyika. Ukitokea Sumbawanga unapita Matai, kisha kijiji cha Kapozwa, halafu unaanza ngazi za kushuka bondeni. Maji huanguka kwa mkupuo mmoja, mita 235 kwa vipimo vingi na 221 kwa vingine. Kwenye majabali huzaliana korongo wenye mfuko shingoni, wale wale wanaochokora majalala ya mijini. Huku wana heshima zaidi.

Ajabu kubwa, hata hivyo, iko juu ya maporomoko, upande wa Zambia, kwenye ukingo wa mto ambao mgeni angeupita bila kugeuka. Mwanaakiolojia Desmond Clark alikuwa amekwisha kufukua mbao za kale eneo hilo tangu miaka ya 1950. Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool wakakuta magogo mawili yamepandana, la juu lina urefu wa karibu mita 1.4 na limechongwa pengo likalikalia la chini. Umri wake, uliotangazwa 2023, ni miaka 476,000 hivi. Mabaki ya kale zaidi ya binadamu wa aina yetu yana kama 300,000 tu.

Hapo ndipo watu hukataa. Mbao ndani ya maji, miaka yote hiyo? Tumezoea kuamini kwamba maji ndiyo yanayoozesha mbao, na paa linalovuja linatuunga mkono. Lakini itazame nguzo ya ua iliyokatika. Mara nyingi imekatikia usawa wa ardhi, si kwenye ncha iliyozama chini kabisa. Walaji wa mbao ni kuvu, bakteria na wadudu, na wengi wao wanahitaji unyevu pamoja na hewa. Usawa wa ardhi huwapa vyote viwili. Maji peke yake hayali kitu. Magogo ya Kalambo yalifukiwa na mchanga na matope ya mto, maji ya ardhini yakajaa kila upenyo, oksijeni ikakosa njia. Wapo bakteria wanaoishi bila oksijeni, ila kazi yao ni ya polepole mno. Sharti ni moja: maji yasikauke hata kwa msimu mmoja mrefu.

Umri nao haukutokana na kipimo cha kaboni, kinachokadiria umri wa vitu vilivyokuwa hai, kama wengi wanavyodhani. Kipimo hicho huishia kwenye miaka 50,000 hivi. Kilichopimwa ni mchanga ulioyazunguka magogo. Fikiria pipa lililowekwa chini ya bomba linalodondosha tone moja moja. Ukijua kasi ya matone na kiasi cha maji yaliyomo, unajua lilianza kujaa lini. Chembe ya madini ndiyo pipa: mionzi hafifu ya udongo hujaza nishati ndani yake kidogo kidogo, na mwanga wa jua humwaga yote. Chembe ikifukiwa, jua halifiki tena na pipa linaanza kujaa. Maabara hulimwaga kwa mwanga na kupima kilichotoka.

Kwa hiyo umri ni wa kufukiwa kwa mchanga, si wa kukatwa kwa mti, na unaweza kuzidi au kupungua kwa miaka 23,000. Kazi ya magogo yenyewe ni ya kukisia: jukwaa juu ya matope, njia, au msingi wa kibanda. Mifupa ya waliochonga haikupatikana. Alama za kuchonga kwenye lile pengo, hata hivyo, zinaonekana wazi.

Ukienda Kalambo usitegemee kuyaona hapo. Mbao za aina hii zikishafukuliwa haziachwi zikauke ovyo, maana husinyaa na kupasuka. Huhifadhiwa ndani ya maji.